Sauti ya Pili

Video ina dakika nne na sekunde chache. Imepigwa kwa simu kutoka safu za nyuma za ukumbi, na robo ya picha imezibwa na kilemba cha mama mmoja aliyeketi mbele. Binti anaonekana mara mbili tu: kwaya inapopanda jukwaani na inaposhuka. Kati ya hapo ni mabega ya wenzake, mkono wa mwalimu ukipanda na kushuka, na sauti. Tangu mamake arudi safari anaitazama asubuhi na jioni, na mgeni akiingia nyumbani kwake Likoni huwekewa simu machoni kabla hajawekewa chai.

Nami niliwekewa, Jumapili alasiri. Nikatazama mpaka mwisho, halafu nikauliza bila nia mbaya: "Binti ni yupi hapo?"

Baraza zima likacheka isipokuwa mwenye simu. Kumbe swali hilo lilikuwa limezua mzozo wa siku tatu, na mimi nimekuja kuukoleza. Nayaandika yaliyosemwa kama nilivyoyashika. Wasemaji nawaita kwa undugu wao na binti: mamake, ambaye ni fundi cherehani, mjombake, karani wa bandarini, na bibi yake mzaa mama. Wa nne ni Mwalimu, jirani mstaafu aliyefundisha kwaya za shule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Huyu si mwalimu wa binti. Alilisikia neno "kwaya" likitamkwa upande wa pili wa ua, akaja bila kuitwa.

Ya kujulikana kwanza ni machache. Binti yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huko magharibi ya Kenya. Shule yao ilivuka ngazi za chini za tamasha la muziki, ikafika ngazi ya eneo. Mama alifunga duka siku tatu, akapanda basi la usiku hadi Nairobi, akaunganisha jingine hadi Kakamega, zaidi ya kilomita 800 kwa kwenda tu. Kwaya ikaimba wimbo wa lazima, ule unaopewa kila shule, na mchana ikarudi na wimbo wa kiasili. Ikawa ya tatu. Waliosonga mbele ni wengine.

MJOMBA. Mgeni kaniulizia langu. Mimi simlaumu dada kwa kwenda. Nguo za harusi za watu zimelala dukani na wateja wananipigia simu mimi, lakini hayo ni yake na wateja wake. Ninachotaka kujua ni hiki: anajivunia kitu gani hasa? Kumwona, kamwona sekunde tisa, nimezihesabu. Kumsikia, hakumsikia. Kushinda, hawakushinda. Kwaya ina wasichana hamsini. Ukiigawa fahari hiyo kwa hamsini, fungu lake halifiki hata nauli.

MAMA. Kaka, meli ikishusha mizigo hapo Kilindini, si hurudi nyumbani ukasema "leo tumeteremsha makontena mia tatu"? Wewe uliinua lipi?

MJOMBA. Mimi hulipwa.

MAMA. Nami nimelipwa.

MWALIMU. Hebu nipeni nafasi, maana mjomba amesema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Katika kwaya, mzazi akimsikia mwanawe, mwalimu ameshindwa. Kazi ya miezi yote ile ni kuzifanya sauti hamsini ziwe tatu, na tatu ziwe moja. Nimewahi kuwa na mtoto mwenye koo la dhahabu, namwambia kila siku, "Punguza, mama, punguza," na mzazi wake akaja kunigombeza kwamba namfinyia mtoto kipaji. Nikamwambia akitaka kumsikia peke yake amwimbishe jikoni. Binti yenu yuko sauti gani?

MAMA. Ya pili.

MWALIMU. Aa.

Hiyo "aa" ilikuwa ndefu, na Mama akamkazia macho akingoja maelezo. Mwalimu akayatoa kwa furaha ya mtu ambaye miaka kadhaa hajaulizwa jambo analolijua.

MWALIMU. Kwaya ya wasichana pekee aghalabu huwa na sauti tatu. Ya kwanza ndiyo yenye wimbo. Hata muuza maji akipita nje ataushika na kuondoka nao. Ya tatu iko chini, nzito, ina heshima yake. Ya pili ni mtoto wa kati: hasifiwi wala halaumiwi, lakini akikosekana nyumba nzima inalegea. Siku ya kugawa sauti watoto hulia wakitiwa humo. Hudhani wametupwa. Hawajui kwamba humo huwatii wenye koo, huwatia wenye sikio. Msichana amesimama, mwenzake wa kulia anaimba tuni tamu inayomvuta, naye anatakiwa aishike yake ambayo peke yake haina utamu wowote, asitetereke, asipande kule wala asishuke huku. Wengi huvutwa. Asiyevutika ndiye mwenye kazi.

MJOMBA. Kwa hiyo tunasafiri kilomita 800 kwenda kumsikia mtu ambaye ustadi wake ni kutosikika.

MWALIMU. Umelisema vizuri kuliko mimi.

Hapo nilidhani Mama atakasirika. Badala yake aliingia ndani, akatoka na daftari la hisabati lenye jalada la kijani. Akalifungua kutoka nyuma. Kurasa za mwisho zilijaa herufi ndogo zilizopangwa safu safu, d, m, s, l, zimekatwa kwa nukta mbilimbili na vistari.

MAMA. Likizo ya mwezi wa nne nililikuta hili chini ya mto. Nikajua ni barua za mvulana, za siri, wamepangiana herufi. Siku mbili silali. Ya tatu nikamwita nikamwekea mbele: niambie huyu "d" ni nani. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniimbia ukurasa mzima, kutoka hapa mpaka hapa, kwa zile herufi tu.

MWALIMU. Solfa hiyo! Do, re, mi. Aliyeisambaza ni Mwingereza mmoja wa karne ya 19, John Curwen, na yeye aliichukua kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, akaipanga upya. Wamisionari wakaileta huku kwa sababu haihitaji piano wala karatasi ya mistari mitano. Ubao na chaki vinatosha. Mpaka leo mtoto ambaye hajagusa kinanda maishani mwake anasoma wimbo wa sauti nne kwa hizi herufi. Ni hesabu ile, mjomba. Nukta hizo ni mapigo, hakuna pigo linaloruhusiwa kupotea.

MJOMBA. Hesabu. Ndiyo maana ikaandikwa kwenye daftari la hesabu. Mbele ya daftari, lakini, mna D moja kubwa ya kalamu nyekundu, na hiyo si do.

Sote tulicheka, Mama akiwamo. Ila mjomba hakuwa anatania. Mwakani binti atafanya mtihani wa kidato cha nne, na katika nyumba ambayo karo hulipwa kwa mishono ya nguo za watu, D ya hesabu hutisha kweli. Isitoshe yuko mdogo wake, gredi ya tisa, ambaye chini ya mtaala mpya lazima achague mkondo wa sekondari ya juu: sayansi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Tangu video ile iingie nyumbani, kijana ameanza kuutaja wa tatu.

MJOMBA. Hilo ndilo linaloniogopesha. Fahari ni chambo. Watoto hawasikii unayowaambia kuhusu vitabu. Wanatazama uso wako unang'aa wakati gani. Dada hajawahi kupanda basi la usiku kwa sababu ya ripoti ya fizikia.

MAMA. Ripoti ya fizikia inakuja kwa simu, kaka. Hakuna mahali pa kwenda kuketi.

BIBI. Mimi naomba kuuliza kitu kimoja ambacho sijaambiwa. Ule wimbo ulikuwa ukisema nini?

Kimya. Wimbo wa lazima ulikuwa wa Kiingereza, kizito, cha vitabuni, na Mama alikuwa ameshika maneno mawili matatu. Wa kiasili ulikuwa wa Waisukha, kwa lugha yao, ngoma za isukuti zikienda mbio. Binti ni Mdigo. Hajui Kiisukha ila maneno ya wimbo ule na salamu.

MJOMBA. Mnaona? Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu kacheza kwa watu, ngoma ya watu, kwa lugha ya watu. Nani wa kumtunza?

MAMA. Ndiyo sababu nikaenda. Kama kwao hakumfuati, atatunzwa na nani huko?

Naungama kwamba jibu hilo lilinipendeza kuliko yote ya siku ile, na nikaona hata mjomba amelipokea, kwa namna alivyokunywa chai bila kunena.

MWALIMU. Na hii habari ya ngoma ya watu isitupite hivi hivi. Isukuti si kelele tu za kuchangamshia jukwaa. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya mnyama, na Waisukha na Waidakho wanayo kwenye uzazi, kwenye harusi, kwenye msiba. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sasa, nani anayeiokoa? Vijana wa huko wengi wako mjini. Anayeamka alfajiri kujifunza jinsi mguu unavyoanguka ni msichana wa Likoni aliyepelekwa bweni. Hilo ni ajabu ya tamasha letu. Lilianza mwaka 1927, likiwa la Wazungu wa huku na piano zao, na leo humo ndimo Mkamba anapojifunza wimbo wa Kijaluo na Mdigo akacheza ngoma ya Kiisukha.

MJOMBA. Anajifunza kwa ajili ya alama. Akitoka jukwaani anavua sketi ya mkonge na kuisahau.

MWALIMU. Wengine husahau, ndiyo. Na mengine tunayaharibu wenyewe: wimbo wa matanga unatiwa tabasamu ili waamuzi wapendezwe, mchezo wa usiku kucha unakatwa ukawa wa dakika chache. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, sikatai.

BIBI. Mama yangu alicheza lelemama.

Aliyasema hayo kana kwamba anajibu swali, na baraza likageuka. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wa Mombasa, wenye vyama vyao, na vyama vilishindana kwa nyimbo, kwa mapambo, na zaidi kwa sare. Bibi aliikuta inafifia, lakini alikaa mkekani akiwa mtoto akimtazama mamake akijitayarisha.

BIBI. Wamesimama mstari mmoja, nguo moja, shingo zinageuka pamoja. Ungetaka kumtafuta mama yangu hapo ungechoka. Na mimi sikumtafuta. Nilikuwa nikitazama mstari. Tukishinda tulisema "chama chetu kimeshinda," na tukishindwa watu waliuza vitu vya ndani ili mwaka mwingine sare iwe nzuri zaidi. Mumewe alinung'unika kama huyu hapa anavyonung'unika, kwa maneno yaya haya, nauli na hasara. Kwa hivyo kaka mtu asijione ameleta jipya. Lakini nawe, mwanangu, hiyo simu ndiyo siipendi. Zamani mtu alitazamwa na waliokuwapo. Sasa mtoto wa watu anatazamwa na kila anayeingia kunywa chai. Jicho lina mambo.

MAMA. Mama, haonekani hata hivyo.

BIBI. Afadhali.

Wakaingia kwenye mambo madogo, ambayo nayapitisha upesi ingawa ndiyo yaliyochukua muda. Kama binti alifunika kichwa: alifunika, shule inaruhusu. Kama alikula: alikula. Mama alikuwa amebeba mabuyu kutoka Mombasa, mfuko wa kutosha kwaya nzima, na mwalimu wa kwaya akayazuia mpaka jioni, kwa sababu sukari hukausha koo, na kwa sababu waamuzi wasingeacha kushangaa ndimi hamsini nyekundu. Kisha pakatokea lile la vigelegele.

Mama alipiga vigelegele kabla ya mkono wa mwalimu kushuka. Kwenye video vinasikika wazi, kuliko wimbo.

MWALIMU. (akifumba macho) Dada, dada. Wimbo haujaisha mpaka mkono ushuke. Kile kimya cha mwisho nacho kinafundishwa. Nimewahi kutumia wiki nzima kuwafundisha watoto kunyamaza kwa sekunde mbili.

MAMA. Kwetu kimya ni cha matanga.

MJOMBA. Na mtoto akaona aibu.

MAMA. Aliona. Aliniambia, "Mama, ulituwahi." Lakini alisema akicheka. Na alama hazikukatwa.

MWALIMU. Hazikatwi, waamuzi hawaihukumu hadhira. Walisema nini, hasa?

MAMA. Mwamuzi alisema wameimba kwa nidhamu, matamshi ni mazuri, ila kwenye beti za mwisho sauti ya pili ilizidi kidogo ikaifunika ya kwanza.

Alisita hapo, akatutazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa.

MAMA. Ilizidi! Umesikia, kaka? Ilisikika mpaka ikawa kosa.

Hapa niseme la kwangu, maana nimekuwa msikilizaji mno. Ninawajua wazazi ambao fahari yao ni namna ya kujitazama wenyewe: mtoto amesimama jukwaani, mzazi anauona mfano wake, pua yangu ile, kipaji changu kile ambacho sikupata nafasi. Fahari ya namna hiyo haivumilii kwaya. Inataka mtoto aimbe peke yake, mbele ya wengine wote, na akipewa sauti ya pili inakwenda ofisini kulalamika. Mama huyu simwoni humo. Wala sidhani mjomba anamwona humo. Mzozo wao ulikuwa na mzizi mwingine, na mzizi wenyewe ulitoka nje muda mfupi baadaye, bila kuvutwa na mtu.

Ilianza kwa Mwalimu kutaka kumaliza ubishi kuhusu muziki kutokuwa na faida. Akamkumbusha mjomba kwamba mwaka 1963 watu watano walikabidhiwa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliyoichukua ni ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo ambao mama humbembelezea mtoto.

BIBI. Kwa hiyo wewe unaposimama wima kazini umekunja ngumi kifuani, unasimamia wimbo wa kulaza mtoto.

MAMA. Na mama wa kwanza aliyeuimba hakuna anayemjua jina.

MJOMBA. Mnanibana kana kwamba nauchukia muziki. Siuchukii. Basi nitasema. Aprili, huyo binti mliyekuwa mkimfunulia madaftari, alinifuata kule kazini. Akaniambia amechoka. Mazoezi alfajiri, mazoezi jioni, usingizi darasani, hesabu inamponyoka. Akaniuliza aache kwaya au asiache. Na akaniomba nisikuambie, kwa sababu, alisema, "Mama anafurahi sana."

Hakuna aliyegusa kikombe. Kivuko kilipiga honi kule kwenye maji, kikapiga tena.

MAMA. Ulimjibu nini?

MJOMBA. Nilimwambia aache.

MAMA. Hakuacha.

MJOMBA. Hakuacha. Na mimi sijui hakuacha kwa ajili yake au kwa ajili yako. Hilo ndilo linalonikera nikiiona hiyo video. Mtoto anaweza kuibeba furaha ya mzazi kama mzigo wa kichwani: shingo imenyooka, watu wanasema anatembea vizuri, kumbe anaogopa kuuangusha.

Mwalimu alijaribu kusema jambo kuhusu ratiba za mazoezi, kwamba shule nyingine huzidisha, kwamba yeye enzi zake hakuwahi kuwaamsha watoto kabla ya saa kumi na moja, ambayo nilivyoona mimi bado ni mapema. Bibi alimwashiria anyamaze.

MAMA. Kaka, ungeniambia.

MJOMBA. Aliniomba.

MAMA. Ungeniambia hata hivyo. Lakini sasa nisikilize, maana wewe tangu juzi wauliza nilisikia nini, na hujanipa nafasi nikajibu. Nilifika ukumbini saa mbili asubuhi. Kwaya zilikuwa kumi na moja, na kila moja inaimba wimbo ule ule wa lazima. Ule ule, kaka, mara kumi na moja. Ya kwanza nilisikia kelele nzuri. Ya pili, hivyo hivyo. Ya nne nikaanza kuchoka, nikasema leo nitakufa hapa. Ya tano nikaanza kungojea mahali fulani, pale sauti moja inapobaki nyuma na nyingine zinapanda. Nikajiuliza ni akina nani hao wanaobaki. Kulikuwa na mama mmoja kando yangu, mwanawe yuko shule nyingine, akanionyesha kwa kidole: wale wa katikati, ya pili. Kwaya ya sita nikawatafuta wale wa katikati. Walivutwa, walipanda na wenzao, pakawa tupu. Niliona kabisa pametoboka, kama nguo iliyoruka mshono. Ya saba, vizuri. Ya nane, wamevutwa tena. Shule ya wanangu ilikuwa ya tisa.

MWALIMU. Wanangu, amesema.

MAMA. Walipopanda sikumtafuta binti. Wallahi sikumtafuta. Nilikuwa nimeshika kiti nikingoja pale mahali. Wakafika. Wa kwanza wakapanda, na wa katikati wakabaki. Wote. Hakuna aliyevutwa. Ndipo nikapiga vigelegele, na ndiyo, niliwahi, kwa sababu mimi nilikuwa nikishangilia pale, sikuwa nikishangilia mwisho. Sasa wewe uniambie amechoka, nami nitampigia Jumapili ijayo kupitia kwa matroni, nitamwambia akitaka kuacha aache, furaha yangu asiibebe, ninayo miguu. Hilo la haki. Lakini usiniambie sikusikia kitu.

MJOMBA. (baada ya muda) Na zile mbili za mwisho?

MAMA. Zipi?

MJOMBA. Ya kumi na ya kumi na moja. Walivutwa?

MAMA. Ya kumi walivutwa. Ya kumi na moja hapana. Ndio walioshinda.

Mjomba akaomba simu. Aliitazama video yote, safari hii bila kuhesabu sekunde, akaielekeza sikioni badala ya machoni, na ilipofika kwenye vigelegele akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. Kisha akasema haisikiki, simu ni ya bei rahisi. Mwalimu akasema hata simu ya bei ghali haingenasa. Wakaanza kubishana juu ya simu.

Mama alikusanya vikombe akaenda navyo uani. Maji yakafunguliwa, na juu ya maji tukamsikia anavuma kitu kwa pua: noti moja ndefu, nyingine karibu yake, kurudi kwenye ile ya kwanza, kubaki hapo, kubaki tena, kushuka kidogo, kubaki. Hapakuwa na mahali pa kuishika.

"Wimbo gani huo," Bibi akaita kutoka barazani, "mbona hauna kichwa?"

"Ndivyo ulivyo," Mama akajibu, na akaendelea.